OBV, CMF, MFI au VWAP: kipimo kipi kinakuonyesha nani anasukuma bei?

Kuna kosa ninaloliona kila mara kwa watu wanaoanza kusoma chati, na mimi mwenyewe nililifanya kwa muda mrefu. Mtu anaona nguzo ndefu ya kijani ya ujazo (idadi ya hisa zilizouzwa na kununuliwa) chini ya chati, anasema: "Leo wanunuzi wameingia kwa wingi." Nguzo ile haisemi hivyo. Zikiuzwa hisa 50,000, basi zimenunuliwa hisa 50,000, hazizidi wala hazipungui hata moja. Rangi ya nguzo imetokana tu na bei ya kufunga ikilinganishwa na bei ya kufungua, au na bei ya kufunga ya jana, kutegemea programu unayotumia.

Tunachotafuta hasa ni nani alikuwa na haraka. Mnunuzi asiyetaka kungoja hukubali bei ya juu anayoitaka muuzaji. Muuzaji mwenye haraka naye hukubali bei ya chini aliyotajiwa. Haraka hiyo ndiyo inayosogeza bei, na ndiyo tunayoiita shinikizo. Viashiria vingi vya ujazo haviioni moja kwa moja. Vinakisia kwa kutazama bei ilifunga wapi na ujazo ulikuwa kiasi gani. Tofauti kati yao ni namna ya kukisia, na namna hiyo ndiyo unayoichagua unapokiweka kimojawapo kwenye chati yako. Vifupisho vya kichwa cha habari ni hivi: OBV ni On-Balance Volume, CMF ni Chaikin Money Flow, MFI ni Money Flow Index, na VWAP ni Volume-Weighted Average Price.

Kwanza, ujazo wako umetoka wapi?

Swali hili nalitanguliza kwa makusudi, kwa sababu nimeona watu wakibishana siku nzima kuhusu kiashiria bora huku namba wanazokilisha hazifanani na ukweli.

Ukiwa kwenye hisa zinazouzwa katika soko rasmi, ujazo ni idadi halisi ya hisa zilizouzwa. Ukiwa kwenye mikataba ya baadaye (futures, yaani ahadi za kununua au kuuza kitu siku ijayo kwa bei iliyokubaliwa leo), ni idadi halisi ya mikataba. Hapo viashiria vyote nitakavyovieleza vina chakula cha kutosha.

Soko la papo kwa papo la fedha za kigeni ni jambo jingine. Halina ukumbi mmoja ambapo miamala yote hukusanywa na kuhesabiwa. Ujazo unaouona kwenye jukwaa la dalali wako kwa kawaida ni idadi ya mara ambazo bei imebadilika katika kipindi kile. Ukifungua akaunti kwa madalali wawili, jozi ileile ya sarafu, saa ileile, utapata namba mbili tofauti. Namba hizo si za kutupa: saa zenye pilikapilika huonekana, na saa za utulivu huonekana. Lakini ukizitia kwenye kanuni inayodai kupima fedha zilizoingia na kutoka, jibu litakuwa na sura ya uhakika ambao haumo. Anayetaka ujazo wa kweli wa sarafu anaweza kutazama mikataba ya baadaye ya sarafu inayouzwa Chicago tangu mwaka 1972, kisha akarudi kwenye chati yake.

Sarafu za kidijitali zina ujazo uliogawanyika katika masoko mengi, na baadhi ya masoko hayo yamewahi kukutwa na miamala ya mtu kujiuzia mwenyewe ili soko lionekane limechangamka. Hapo chagua soko unaloliamini, na usichanganye namba za kila mahali.

Siku mbili, vipimo vinne

Nilipoanza kuelewa tofauti za viashiria hivi, haikuwa kwa kusoma maelezo yake. Ilikuwa kwa kuchukua kalamu na kupiga hesabu ya siku mbili tu. Hebu tuifanye pamoja, kwa namba za kubuni; kanuni ya kila kipimo kwenye jedwali nitaieleza baadaye.

Jana hisa ilifunga kwenye bei 100, baada ya kufika juu 101 na chini 99. Siku ya kwanza inapanda hadi 110, inashuka hadi 100, inafunga 102. Ujazo ni 50,000. Siku ya pili habari mbaya zinatoka kabla soko halijafunguliwa. Hisa inafungua na pengo kubwa chini, yaani mbali chini ya bei ya jana bila biashara yoyote katikati, inacheza kati ya 88 na 92, inafunga 91. Ujazo ni 80,000.

| Kipimo | Siku ya 1 | Siku ya 2 |
|---|---|---|
| OBV | +50,000 | −80,000 |
| Mkusanyo na mgawanyo (A/D) | −30,000 | +40,000 |
| MFI | fedha zimeingia | fedha zimetoka |
| Nguvu ya Elder | +100,000 | −880,000 |

Tazama safu ya A/D. Siku zote mbili inapingana na wenzake wote, na haijakosea hesabu. OBV inauliza: je, bei ya leo ya kufunga imezidi ya jana? A/D haijali jana kabisa. Inauliza: ndani ya leo, bei imefunga karibu na kilele au karibu na sakafu? Siku ya kwanza hisa ilifika 110 ikarudishwa hadi 102. Mtu aliyekaa mbele ya chati siku nzima aliwaona wauzaji wakiikandamiza mchana kutwa, ingawa gazeti la kesho yake litaandika kwamba imepanda. Siku ya pili hasara yote ilitokea kabla kengele haijalia, na baada ya hapo wanunuzi walijitahidi kuiinua kidogo kutoka chini. A/D iliona jitihada hiyo, ila pengo lenyewe halikuiona.

Ukishalielewa hilo, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

OBV

OBV ilienezwa na Joseph Granville, mchambuzi wa soko wa Marekani, mwaka 1963, na kanuni yake inaweza kufundishwa kwa dakika moja. Bei ya kufunga ikipanda, jumlisha ujazo wote wa siku. Ikishuka, toa wote. Ikibaki palepale, usiguse kitu.

Udhaifu wake uko wazi: hisa ikipanda kwa senti moja, ujazo wote wa siku unahesabiwa kuwa wa wanunuzi, sawa na siku iliyopanda kwa asilimia tano. Hata hivyo naipenda, na sababu yangu ni kwamba ni vigumu kuidanganya kwa pengo. Katika masoko ambako habari nyingi hutoka usiku, kama hisa za kampuni zinazotangaza mapato yao baada ya soko kufungwa, sehemu kubwa ya mwendo wa bei hutokea wakati hakuna biashara. Kipimo kisichoona pengo kinakosa nusu ya hadithi.

Namba ya OBV yenyewe haina maana. Programu moja inaweza kukuonyesha milioni 12 na nyingine hasi milioni 3 kwa hisa hiyohiyo, kwa kuwa zimeanza kuhesabu tarehe tofauti. Unachosoma ni mteremko na vilele. Bei imefika kilele kipya, je, OBV nayo imefika? Ikiwa bei inavuka kilele cha mwezi uliopita huku OBV imebaki chini ya kilele chake, basi siku za kupanda zimekuwa na ujazo mdogo kuliko siku za kushuka. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta, na huwa naipa wiki kadhaa kabla ya kuiamini, kwa sababu tofauti kama hiyo inaweza kudumu muda mrefu bei ikiendelea kupaa.

Granville mwenyewe ana somo. Januari 1981 aliwaambia wateja wake wauze, na soko la Marekani likaanguka kesho yake kwa mauzo makubwa. Jina lake likavuma. Mwaka 1982 soko lilipoanza kupanda mwezi Agosti, na likapanda kwa miaka, yeye alikuwa bado anatabiri anguko. Kanuni ya OBV haikubadilika kati ya miaka hiyo miwili.

A/D na CMF

Hivi viwili ni ndugu, vyote kazi ya Marc Chaikin. Kwa kila siku unapata namba kati ya −1 na +1: bei ikifunga kwenye kilele ni +1, ikifunga sakafuni ni −1, katikati ni sifuri. Unaizidisha kwa ujazo. A/D hujumlisha matokeo hayo tangu mwanzo wa data, kwa hiyo nayo, kama OBV, husomwa kwa mteremko. CMF huchukua siku 20 au 21 za mwisho tu, na kugawanya kwa ujazo wote wa siku hizo, ndiyo maana inabaki kati ya −1 na +1 na unaweza kulinganisha hisa moja na nyingine. Kwa siku zetu mbili, CMF ingekuwa 10,000 kwa 130,000, yaani karibu +0.08. Ni chanya, kwa hisa iliyopoteza asilimia 9 ndani ya siku mbili!

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu pale mapengo yanapokuwa madogo, inaona kitu ambacho OBV haina macho ya kukiona. Mnunuzi mkubwa anayekusanya hisa polepole mara nyingi huacha alama hii: bei inashuka asubuhi, inapokelewa, inafunga karibu na kilele cha siku, ingawa ukilinganisha na jana hakuna badiliko la maana. Wiki tatu za siku kama hizo zitaiinua CMF juu ya sifuri huku OBV ikiyumbayumba tu. Kwa hisa inayozunguka sehemu moja baada ya kushuka, CMF ndiyo ninayoifungua kwanza.

Ila kuna mitego miwili ambayo sioni ikielezwa vya kutosha.

Mtego wa kwanza ni siku inayotoka kwenye dirisha. Tuseme siku 20 zilizopita kulikuwa na siku moja ya ujazo mara kumi ya kawaida, na bei ilifunga sakafuni. Siku hiyo imekuwa ikiivuta CMF chini kwa wiki nne. Kesho inatoka kwenye hesabu, na mstari unaruka kutoka −0.15 hadi juu ya sifuri. Utafurahi, utasema wanunuzi wamerudi. Hakuna aliyerudi, ni kumbukumbu tu iliyofutika. Kila CMF inaporuka ghafla siku isiyo na tukio, rudi nyuma siku 20 uone ni nini kimedondoka. Nimejizuia kununua mara nyingi kwa ukaguzi huo wa nusu dakika.

Wa pili unahusu masoko yenye kikomo cha kupanda au kushuka kwa siku, na hisa ambazo hazina biashara nyingi. Hisa ikifungua kwenye kikomo cha juu na kubaki hapo siku nzima, kilele na sakafu ni bei moja. Kanuni inataka kugawa kwa sifuri, na kwa kawaida programu huandika sifuri kuwa jibu. Siku ambayo wanunuzi wamepanga foleni na muuzaji hapatikani, CMF inaandika kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwa kwenye soko la namna hiyo, sikushauri uiguse. Chukua OBV.

MFI na kipimo cha Elder

MFI, iliyoundwa na Gene Quong na Avrum Soudack, hujibu swali lingine kidogo: mwendo huu umechoka? Inachukua wastani wa kilele, sakafu na bei ya kufunga, inauzidisha kwa ujazo, kisha inalinganisha siku ambazo wastani huo ulipanda na siku ulizoshuka, kwa kawaida katika siku 14. Jibu liko kati ya 0 na 100. Wengi hufundishwa kwamba juu ya 80 imenunuliwa kupita kiasi na chini ya 20 imeuzwa kupita kiasi.

Hapo ndipo wengi huumia. Hisa yenye nguvu ya kweli inaweza kukaa karibu na 80 kwa wiki nyingi, na kila siku unayouza kwa sababu ya namba hiyo ni siku unayosimama mbele ya gari linaloshuka mlima. Mimi MFI naitumia pale tu bei inapopanda na kushuka ndani ya uwanja mmoja unaojulikana, na si vinginevyo. Mtego wa dirisha unaihusu pia, na kwa siku 14 unauma haraka zaidi.

Kipimo cha Alexander Elder ni chepesi: tofauti ya bei ya kufunga ya leo na ya jana, mara ujazo, kisha kulainishwa kwa wastani wa siku 13, au siku 2 kwa anayetafuta mahali pa kuingia. Kinarekebisha kasoro ya OBV, maana siku ya senti moja haipewi uzito wa siku ya pengo kubwa. Lakini siku moja ya kishindo, kama ile yetu ya −880,000, inafunika zote za jirani, na chati inabaki na mwiba mmoja na mstari ulionyooka. Ni kizuri kwa kupata mwisho wa kushuka kidogo ndani ya mwelekeo wa kupanda. Nje ya hapo sikihitaji.

Kwa anayefunga biashara siku hiyohiyo

Hapa mchezo unabadilika, na vipimo vya juu vinapungua thamani. VWAP ni wastani wa bei uliopimwa kwa ujazo, na huanza upya kila siku soko linapofunguliwa. Ukweli ni kwamba haipimi shinikizo. Inakuambia wastani wa bei waliyolipa walionunua leo. Bei ikiwa chini yake, mnunuzi wa wastani wa leo yuko kwenye hasara, na kila bei inaporudi kuigusa kuna watu wanaotaka kutoka bila kupoteza.

Nguvu yake inatokana na kwamba taasisi kubwa huitumia kuwapima watekelezaji wa maagizo yao. Aliyetumwa kununua hisa milioni moja anataka wastani wake uwe chini ya VWAP, kwa hiyo bei ikishuka chini ya mstari huo ana sababu ya kuongeza kasi. Hakuna taasisi inayompima mfanyakazi wake kwa OBV. Tatizo lake ni kwamba jioni inakuwa nzito: imebeba ujazo wa siku nzima, na haisogei hata soko likigeuka. Saa mbili za mwanzo isikilize sana, saa ya mwisho kidogo.

Kuna pia delta, yaani ujazo wa walionunua kwa bei ya muuzaji ukitoa ujazo wa waliouza kwa bei ya mnunuzi. Hii, tofauti na wenzake wote, inaigusa ile haraka niliyoisema mwanzoni. Masoko mengi ya sarafu za kidijitali huonyesha kila muamala na upande ulioanzisha, kwa hiyo data ipo. Kwa hisa na mikataba ya baadaye kwa kawaida huilipia. Angalia kama jukwaa lako lina data ya kila muamala au linakadiria kwa mishumaa ya dakika moja (muhtasari wa bei wa kila dakika). Ikiwa ni makadirio, umerudi kulekule kwenye kukisia.

Na delta halisi nayo inahitaji jicho. Mnunuzi mkubwa mwenye subira hakimbilii bei ya muuzaji. Anaweka agizo lake chini na kungoja waje. Delta itakuonyesha wauzaji wenye haraka kubwa, hasi baada ya hasi, na bei haishuki. Kuna mtu anawameza. Richard Wyckoff, mchambuzi wa soko wa Marekani, alikuwa akifundisha jambo hilohilo mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya kompyuta: linganisha jitihada na matokeo. Ujazo mkubwa bila mwendo wa bei maana yake kuna ukuta, na ukuta huo una mwenyewe.

Ningechagua nini

Kwa hisa zenye ujazo halisi, chati ya siku, na mtu anayeshikilia kwa wiki au miezi: OBV iwe ya kwanza, CMF iwe ya pili, na thamani iko pale zinapokosana. OBV ikipanda huku CMF ikishuka, bei inainuliwa na mapengo ya asubuhi na kuuzwa mchana. OBV ikishuka huku CMF ikipanda, mtu anapokea kwa utulivu. Kuongeza MFI juu yake kutakupa mstari wa tatu uliotokana na namba zilezile, si shahidi wa tatu.

Kwa biashara ya ndani ya siku: VWAP, na delta ikiwa una data safi. Kwa sarafu za kigeni kwenye jukwaa la dalali, tumia nguzo za ujazo zenyewe kujua saa za pilikapilika, na uviache viashiria hivi vyote vingine. Kwa soko lenye vikomo vya bei au hisa zinazouzwa mara chache: OBV peke yake, kwenye chati ya wiki.

Popote ulipo, weka alama kwenye kalenda yako siku ambazo ujazo hupanda bila mtu kuwa na maoni juu ya bei. Nchini Marekani, Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba mikataba mingi ya hiari (options) na ya baadaye huisha muda, na siku hiyohiyo mifuko ya uwekezaji inayofuata S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, hujipanga upya jioni. Mabilioni huuzwa na kununuliwa kwa sababu sheria ya mfuko inasema hivyo. OBV itazihesabu zote. Siku hizo mimi huzipigia mstari mwekundu, na kilele chochote cha kiashiria kilichozaliwa siku hiyo sikitumii kulinganisha na kingine.